ALIUZA MAKOCHI, TIVII NA FRIJI, AKAENDA UTAWANI

Kamwene! Ndiyo salamu ya kwetu Ubena, na nimeamua kukupa hiyo leo kwa sababu nimerudi juzi kutoka Kichiwa na baridi ya huko bado imekaa kwenye magoti.

Sikwenda kutembea. Niliitwa kikao. Wewe mtoto wa mjini unajua simu ya kijijini ikilia saa kumi na moja alfajiri inakuwa na habari gani. Ama msiba, ama ng'ombe kapotea, ama unadaiwa mchango. Nikapokea na roho mkononi. Alikuwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Binamu yako anaweka nadhiri. Njoo, tunakaa Jumamosi." Akakata.

Basi bwana, nikaomba ruhusa kazini kwa kusema kuna mgonjwa. Si uongo sana, maana tangu binti yake aende utawani shangazi hajawahi kuwa mzima. Alfajiri ya Ijumaa nikawa stendi ya Magufuli kule Mbezi, kopo la chai mkononi, nasubiri basi la kunipeleka zaidi ya kilomita mia sita. Mikumi nikahesabu twiga, Kitonga nikafumba macho kama kawaida yangu, Mafinga nikavaa sweta, na Makambako nikavaa la pili juu ya lile la kwanza.

Kwa asiyepajua, Makambako ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na ile ya Songea, na treni ya TAZARA nayo ina stesheni hapo. Ni mji wa pesa: mahindi, mbao, malori, gesti. Ukishika njia ya kusini, kilomita kama 60 hivi, unafika Njombe. Kichiwa yetu iko katikati ya miji hiyo miwili. Wa Njombe wanatuona washamba na wa Makambako wanatuona wateja.

Sasa nikueleze Binamu ni nani. Jina simtaji, na nyumba ya watawa aliyomo siitaji, ndivyo alivyoniomba na nimekubali. Ni mtoto wa shangazi yangu, kanizidi mwaka mmoja, tumelelewa pamoja na tumechapwa pamoja. Alisoma mpaka chuo kikuu, akapata kazi ya uhasibu Dar, akapanga Tabata vyumba viwili na sebule. Sebule yenyewe, msomaji, acha tu. Makochi ya rangi ya maziwa, tivii ya ukutani, friji la milango miwili ambalo sikuzote lilikuwa na kitu. Mimi nikiishiwa mwisho wa mwezi nilikuwa najua njia ya Tabata hata gizani. Jumapili tulikuwa na ratiba: kulala mpaka saa nne, supu, halafu Kigamboni ufukweni mpaka jua lizame. Kanisani tulikwenda Krismasi, Pasaka na harusi za watu.

Alikuwa na mchumba, kijana mwenye Noah na maneno matamu. Barua ya posa ilishafika Kichiwa na kishika uchumba kikapokelewa. Binamu alikuwa pia na kiwanja Chanika, mita ishirini kwa ishirini, kilichowekwa mawe ya msingi.

Halafu siku moja, kama miaka mitatu iliyopita, akanipigia: "Njoo uchukue friji kama unalitaka, bei nitakupunguzia. Nauza vitu." Nikajua anahama. Nikamuuliza anahamia wapi, Goba au Mbweni? Akasema, "Nahamia Njombe. Naenda kuwa sista."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Sasa subiri nikutubie kabisa kabla ya kuendelea, maana sipendi kukuficha jambo. Safari hii ya Kichiwa nilikwenda na hesabu yangu moyoni. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akishaweka nadhiri hana mali. Nikajiambia, kile kiwanja cha Chanika kitaangukia kwa nani? Shangazi hana haja nacho, mjomba yuko na miparachichi yake. Nilikuwa nimeweka milioni tatu pembeni. Unanielewa.

Jumamosi tukakaa. Jiko la mkaa katikati, wazee na mablanketi mabegani, chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Aliyeanza ni mume wa shangazi, ambaye sote tunamwita mjomba. Ni mtu wa maneno machache, mkulima wa parachichi.

"Mparachichi wa kubebesha," akasema, "nikiupanda leo, mwaka wa tatu nakula. Huyu mtoto nimemngoja miaka thelathini. Sasa nimeanza kuona matunda, wamekuja kuung'oa na mizizi wamepanda kwao."

Watu wakaguna. Baba mdogo akaingilia na suala la kishika uchumba, eti zile fedha zilikwishaliwa na yule kijana wa Noah anazidai. Ikawa zogo. Mmoja anasema zirudishwe, mwingine anasema zilirudishwa, wa tatu anauliza kwa nini hakupewa sehemu yake. Sitakuchosha na hilo, lilichukua saa nzima na halikuisha.

Aliyezungumza lenye uzito ni shangazi. Alikuwa amekaa karibu na mlango, amejifunga khanga mbili.

"Mimi sikatai Mungu," akasema. "Nimebatizwa, nimeolewa kanisani. Ninauliza tu, mtoto wa marehemu atasomeshwa na nani?"

Kikao kikanyamaza, hata baba mdogo.

Marehemu ni kaka yake Binamu. Alifariki 2012, na sisi wa Njombe hatuhitaji kuambiana kwa nini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulikuta watu karibu kumi na tano katika kila mia moja wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani kwetu wana virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote Tanzania. Ule wa 2016-17 ulikuta zaidi ya kumi na moja kwa mia, na bado tukashika namba moja. Ni namba moja ambayo hakuna anayeishangilia. Dawa zilikuwepo na ni za bure, lakini marehemu alijificha mpaka ikawa jioni. Akaacha mtoto wa kiume, na ndiye sasa yuko chuo cha ufundi mwaka wa kwanza. Ada yake, nauli yake, hata daftari lake, vyote vilikuwa vinatoka Tabata. Alipoacha kazi, Binamu aliacha akiba ya mwaka mmoja na nusu. Imekwisha.

Kwa hiyo pale halikuwa suala la mtu kupenda kusali. Kusali nani anakataza? Ilikuwa kwamba mtu mmoja anachagua za mbinguni na mwingine anakosa ada ya duniani. Mimi nilikuja na jibu tayari kinywani: kiuzwe kiwanja, mnunuzi huyu hapa. Ila nilipomtazama shangazi machoni jibu likarudi tumboni.

Kikao kikaamua kama vikao vyote vya kwetu: atumwe mtu. Akatumwa mtu wa Dar, yaani mimi, niende Jumatatu nikamuulize Binamu mwenyewe.

Jumapili nikaenda kanisani. Hapa niseme, mimi ni Mlutheri. Shangazi alizaliwa Mlutheri, akaolewa na Mkatoliki, akahama na khanga zake. Ubena ndivyo ulivyo. Walutheri wa Berlin walitokea Unyakyusa, walikofika 1891, wakapanda kwetu na kufungua Kidugala, Ilembula na Lupembe. Wakatoliki wakaja kwa njia yao na Wabenediktini na baadaye Wakonsolata. Nyumba moja unakuta rozari ukutani na kitabu cha nyimbo za Kilutheri mezani, na chai ni moja.

Ibada ya kwetu ikiisha watu hawaondoki, kuna mnada. Asiye na fedha analeta alichonacho: mahindi, kuku, maboga, mkungu wa ndizi, vinawekwa nje ya mlango na mzee wa kanisa ananadi. Siku hiyo bibi mmoja alileta mayai matatu kwenye kikapu kilichotoboka. Matatu tu. Mnada ukaanza kwa shilingi mia tano kila moja, yakanunuliwa yote kwa elfu tano. Mnunuzi akasema, "Narudisha, yauzwe tena." Yakanunuliwa elfu nne. Yakarudishwa. Mara ya tatu yakaniangukia mimi kwa elfu sita, na macho ya usharika mzima yako kwangu, mtu wa Dar. Ningefanya nini? Nikarudisha. Yale mayai matatu yalitoka pale na zaidi ya elfu ishirini, na mwisho akapewa mama mjamzito aende nayo nyumbani.

Yule bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe anatazama, hacheki wala halii. Nilimsogelea nikamsalimia, nikamwambia, bibi, mayai yako leo yametajirisha kanisa. Akanijibu, "Kuku anataga kesho tena." Akainuka, akachukua kikapu chake kilichotoboka, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi shangazi akanipa mzigo. Blanketi jipya la mistari, zito, alilolinunua Makambako kwa fedha ya mbegu za viazi. "Mpelekee. Huko kuna baridi kuliko hapa." Nikalifunga kwenye bodaboda, halafu kwenye basi dogo, nikaenda.

Ukimwambia mtu wa Njombe "masista", wa kwanza kukutajia ni wale Wabenediktini wa Imiliwaha, kama mtu wa Songea atakavyokutajia Chipole. Wabenediktini waliingia nchi hii zamani. Walianzia Pugu, nje kidogo ya Dar, mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ile ikavamiwa, wakauawa mabruda wawili na sista mmoja. Ungedhani wangefunga virago. Mwaka 1898 wakafungua Peramiho. Mwaka 1905 wakati wa Maji Maji akauawa askofu wao, Cassian Spiss, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wakabaki. Ninalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani utawa ni kukimbilia sehemu yenye mlo wa uhakika.

Nilifikiri nitapiga hodi na kumwona. Wapi! Aliyepo kwenye malezi haonekani ovyo. Nilikaribishwa chumba cha wageni, nikapewa chai, mkate wa kuoka wenyewe na jemu ya kupika wenyewe, nikaambiwa ningoje kengele. Nikangoja. Ukutani kuna saa, na mle saa inatii kengele. Nikasikia wanaimba Masifu, upande huu unajibu upande ule, polepole, hakuna spika wala kinanda cha umeme. Mimi niliyezoea kwaya za kurukaruka nilitaka kusinzia. Baada ya dakika kumi nikagundua sisinzii, nimetulia tu. Ni muda mrefu sijatulia.

Akaja. Msomaji, nilisimama nikasahau salamu. Gauni refu, kitambaa cheupe kichwani, raba za bei nafuu. Mikono! Mikono iliyokuwa inapakwa rangi kucha kila Ijumaa sasa imepasuka kama ya mjomba. Akanikumbatia akacheka kicheko kilekile cha Tabata.

"Umenenepa," akasema. "Nani anakulisha siku hizi?"

Tukakaa. Nikamuuliza nilichokuwa nataka kumuuliza miaka mitatu: mchumba alikuumiza? Kazini walikutenda? Akatikisa kichwa.

"Wote mnataka niwe nimeumizwa," akasema. "Sikuumizwa. Nilikuwa nalala vizuri, nakula vizuri. Hiyo ndiyo shida niliyokuwa nayo."

Akanieleza hivi. Mwaka 2012, yeye akiwa na miaka kama kumi na nane, alimuuguza kaka yake hospitali. Zile siku za mwisho watu walikuwa wanaogopa hata kumshika. Sista mmoja muuguzi alikuwa anakuja usiku, anamwosha, anambadilisha shuka, anamwimbia kwa Kibena kibovu maana hakuwa mtu wa huku. Binamu akamuuliza, sista, mshahara wako shilingi ngapi? Yule sista akafikiri kidogo akasema hajui. Kweli hajui! Mshahara unaingia kwenye mfuko wa nyumba, yeye akihitaji sabuni anaomba sabuni.

"Nikamwona mwendawazimu," Binamu akaniambia. "Nikaenda zangu chuo, nikasoma uhasibu, nikawa najua mshahara wa kila mtu ofisini. Lakini kila nikinunua kitu nilikuwa namkumbuka yule mwendawazimu. Ile tivii unaikumbuka? Niliinunua laki tisa. Nikaja kuiuza laki tatu na nusu, mwaka mmoja na nusu tu. Mimi mhasibu, nikakaa nikapiga hesabu ya uchakavu wa kila kitu nilichonacho. Makochi, friji, simu. Vyote vinashuka. Nikajiuliza nina kitu gani kisichoshuka. Sikukipata."

Nikamwambia kiwanja kinapanda. Mdomo wangu huu! Akanitazama, akatabasamu, akaliacha lipite kwanza.

Akanieleza utaratibu, na hapa nilijifunza mengi. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto huko Italia karne ya sita, ina sura 73. Inasema anayekuja kuomba kuingia asifunguliwe haraka, aachwe mlangoni siku nne au tano apimwe uvumilivu. Akiingia, katika mwaka wake wa kujaribiwa anasomewa Kanuni nzima mara tatu: baada ya miezi miwili, baada ya sita mingine, na baada ya minne tena. Kila mara anaambiwa ukiweza ingia, usipoweza nenda, uko huru. Lililonichekesha ni hili: nguo alizokuja nazo hazitupwi, zinatunzwa stoo. Siku akishindwa akataka kutoka, anarudishiwa nguo zake aende. Yule mzee wa Italia aliwajua watu. Hata divai aliruhusu kipimo kwa siku. Ubena angekutana na ulanzi sijui angeandika nini.

"Kwa hiyo ile jinsi yako ya bluu ipo?" nikamuuliza.

"Sijui ya kwangu imewekwa wapi," akacheka, "na nikivaa sasa haitapita. Jembe linajenga mapaja."

Nikajitia kumtania kwamba Luther wetu naye alikuwa mmonaki, akaona isiwe tabu, akatoka, mwaka 1525 akamuoa Katharina von Bora aliyekuwa sista. Akanijibu papo hapo, "Na alipotoka hakwenda kulala mpaka saa nne Jumapili." Nikanywa chai.

Ukasikika muhuri wa mambo mazito: nikamtolea la kikao. Nikamwambia bila kupamba. Mtoto wa marehemu. Ada. Mama yake mlangoni na khanga mbili.

Hapo alinyamaza muda mrefu. Akaanza kulia, lakini kimya, anajifuta kwa nyuma ya kiganja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri, kwamba Mungu atatoa, kwamba yupo anayelisha ndege. Hakusema hivyo.

"Hilo ndilo linaloniamsha usiku kabla ya kengele," akasema. "Mengine yote niliyaacha kama mtu anavua viatu. Hilo siwezi kulivua, na mlezi wangu ameniambia nisijifanye nimelivua."

Halafu akanifafanulia jambo ambalo wengi hatulijui. Sheria za Kanisa za 1983 zinataka unovisi wa miezi isiyopungua kumi na miwili. Nadhiri za kwanza ni za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita, ndipo zije za daima. Anayeweka za kwanza hanyang'anywi mali yake. Anachotakiwa ni kumkabidhi mtu mwingine usimamizi, yeye asiishike tena. Wosia unaandikwa kabla ya za daima. Kwa hiyo kiwanja cha Chanika bado ni chake kwa jina, ila msimamizi anatafutwa sasa, kabla ya nadhiri.

"Nimekuchagua wewe," akasema.

Moyo wangu, nisikufiche, ulicheza.

"Najua unakitaka," akaendelea, sauti ileile. "Ulipokuja Tabata kuchukua friji uliniuliza habari zake mara mbili. Ndiyo maana nakupa wewe. Mwingine asiyekitaka atakisahau, kitavamiwa. Kiuze, mtoto asome mpaka amalize. Ukitaka kukinunua mwenyewe, nunua, lakini kwa bei ya soko, si ya undugu, na baba awe shahidi. Nimeuliza. Sasa hivi si chini ya milioni tisa."

Mhasibu haachi kuwa mhasibu. Akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono: ada ya chuo mihula yote, nauli, vifaa vya ufundi, hata fedha ya viatu. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa salio, na mbele yake ameandika "kwa mama, matibabu ya miguu". Kwake mwenyewe hakuna mstari. Nilitafuta.

Nikamuuliza kama hatajuta. Maana za daima si mchezo, Wabenediktini wana nadhiri ya utii, ya kubadili mwenendo, na ya kudumu katika nyumba ileile mpaka kaburini. Mimi hata nyumba ya kupanga sijawahi kukaa miaka mitatu.

"Naweza kujuta," akasema. "Kuna asubuhi saa kumi na moja barafu iko kwenye majani, naamka naona mguu mmoja unataka kurudi Tabata. Naupeleka kanisani hivyohivyo. Tukifika katikati ya zaburi unakuwa umenyamaza. Si kila siku. Lakini ile Jumapili ya Kigamboni, unakumbuka, jua likizama nilikuwa nasikia huzuni na sijui ya nini. Huku jua likizama nasikia usingizi tu."

Kengele ikalia. Akainuka palepale, katikati ya maneno, kama mtu aliyeitwa na mtu anayempenda. Nikakumbuka blanketi. Nikamkabidhi, nikamwambia mama kalinunua kwa fedha ya mbegu. Akalipapasa, akalishika mashavuni.

"Litaenda stoo," akasema. "Nikihitaji nitapewa. Labda hili, labda lingine. Mwambie mama kweli, usimdanganye."

Akaondoka haraka haraka, raba zake zinalia kwenye sakafu.

Nilibaki pale na karatasi mkononi. Milioni tatu zangu ninazo, sita zaidi sina, na nikipata nitakuwa nimenunua kwa haki. Wiki hii jirani mmoja wa Chanika ametaja milioni tisa na nusu. Nitasaini naye mbele ya mjomba, mwezi ujao atakapokuja Dar. Mhula wa kijana ulikuwa unadaiwa, nikautoa kwenye zile tatu. Nitajirudishia kiwanja kikiuzwa. Au nisijirudishie, nitaona.

Kutoka pale nilishuka mpaka stendi ya Njombe nikampigia shangazi. Nikamwambia habari za ada, akasema "Asante Mungu" mara nyingi. Nikamwambia miguu yake ina mstari wake kwenye karatasi, akanyamaza. Halafu nikamwambia la blanketi kama nilivyoagizwa: kwamba limeingia stoo, kwamba huenda atajifunika sista mwingine.

Nikangoja anifokee. Nikasikia upepo wa Kichiwa kwenye simu, na kuku.

"Wapo wangapi humo ndani?" akauliza.

Nikamwambia sikuuliza.

"Uulize," akasema. "Na ukipita Makambako ujue bei ya jumla."